Profesa Zerihun na Jina Lililotangulia Lake

Wasikilizaji wapendwa, ni saa nne asubuhi hapa Dessie. Ukungu bado umelala mabegani mwa mlima Tossa, na mimi ni yule yule, Admasu Beyene, karani mstaafu, mwenzenu wa kila Jumapili. Wekeni kahawa karibu. Leo nitakunywa yangu ikiwa imepoa.

Leo hakuna hadithi ya fisi aliyenidai saluti. Wala ile ya chafya yangu iliyozima taa za mji mzima, ingawa najua kuna watu wa mtaa wa Piassa wanaoapa walikuwapo. Leo tunamkumbuka Profesa Zerihun Woldeyes, mwanafizikia wa hisabati. Alifariki siku thelathini na tatu zilizopita, akiwa na miaka themanini. Jumapili ijayo ni arobaini yake.

Naomba jambo moja. Miaka tisa nimewazoesha kucheka nikizungumza. Leo mtasikia mambo ya kuchekesha, na mkicheka nitaelewa. Lakini kila neno ni kweli, na lipo kosa ndani yake, na kosa hilo ni langu.

Profesa Zerihun alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu. Mfuko wa kulia ulikuwa wa chaki. Mfuko wa kushoto ulikuwa wa kolo, shayiri ya kukaanga, na mara nyingi alisahau upi ni upi. Nimemwona kwa macho yangu akitafuna chaki nusu nzima mbele ya darasa, akameza, kisha akaendelea na mlinganyo kama vile ndivyo ulivyoandikwa.

Katika maisha yake aliandika makala thelathini na moja za kitaalamu. Nasema tena, thelathini na moja. Katika kazi ile, mtu hapimwi kwa uzito wa makala zake. Anapimwa kwa wangapi duniani wamezitaja ndani ya makala zao. Ukitajwa, upo. Usipotajwa, umesema peke yako chumbani.

Mimi nilikuwa karani wa barua katika chuo chetu. Chuo chenyewe hakipo tena, na majengo yake ni maghala ya nafaka. Barua zote za idara ya sayansi zilipita mikononi mwangu, zinazoingia na zinazotoka. Enzi zile hakukuwa na kompyuta. Mtaalamu wa ng'ambo akiitaka makala yako, alikutumia kadi ndogo ya posta: tafadhali nitumie nakala. Kadi hizo zilibandikwa kwenye ubao wa ukumbini, kila mwalimu na mstari wake. Ubao ule ulikuwa soko, mahakama na kioo cha idara nzima.

Dokta Getahun, mtaalamu wa kupe wa ng'ombe, alikuwa na kadi arobaini. Dokta Zerihun, maana wakati huo hatukumwita Profesa bado, alikuwa na pini tu. Pini sita alizozichomeka mwenyewe mapema, zikisubiri.

Getahun hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Asubuhi moja alisimama mbele ya ubao na kikombe mkononi, walimu wote wakisikia. "Zerihun ndugu yangu," akasema, "hata kupe wangu wana wasomaji."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Zerihun pia alicheka, lakini niliona mkono wake ukiingia mfuko wa kulia, ukatoa chaki, ukaipeleka mdomoni. Safari hii hakuwa amesahau.

Basi nikaamua kumtengenezea msomaji.

Ilikuwa mwaka wa 1970 kwa kalenda yetu, iliyo nyuma ya ile ya Ulaya kwa miaka saba au minane. Nilipata kadi tupu, nikabandua stempu ya Norway iliyokuja na barua ya mtu mwingine, nikaibandika kwa gundi ya ngano. Jina nililichukua kwenye kibao cha bomba la maji kijijini kwa mama yangu, ambapo mfadhili mmoja wa zamani aliandikwa kwa shaba. Aarnes. Nikaandika kwa taipureta mbovu ya shule ya misheni: Dokta E. Aarnes angependa kupata nakala ya makala yako kuhusu mawimbi ndani ya chombo kilichofungwa.

Nilimpelekea kadi ile nikiwa na uso wa mtu asiyejua kusoma. Aliisoma amesimama. Akaenda kunawa uso bombani. Akarudi, akaisoma tena, akaibandika kwenye pini ya kwanza, akipima kwa vidole ili isipinde. Siku ile alifundisha kwa sauti ambayo wanafunzi walikuwa hawajaisikia.

Ingeishia hapo, wasikilizaji wapendwa, ningekuwa na hadithi tamu ya kuwachekesha. Lakini kesho yake aliniletea bahasha nene. Ndani mlikuwa na nakala, na barua ya kurasa nne kwenda kwa Dokta Aarnes. Mwishoni alikuwa ameuliza swali.

Mtu akiuliza swali, hujibiwa. Nami sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeishia darasa la nane. Basi nikaanza kuingia maktaba kila adhuhuri, wenzangu wakila. Kitabu cha kwanza nilikisoma mara kumi na nne. Ile ya kumi na nne, kitabu kikaanza kunielewa. Baada ya miezi mitano Dokta Aarnes aliomba radhi kwa kuchelewa, akajibu.

Ndivyo walivyoanza kuandikiana. Miaka saba. Barua arobaini na tatu kutoka kwa Zerihun, na karibu idadi hiyo hiyo kutoka kwa mtu asiyekuwapo. Tatizo langu lilikuwa stempu. Nilitumia nilizozipata, kwa hiyo mwezi huu Aarnes alikuwa Oslo, mwezi ujao Brazili, kisha Poland. Zerihun alistaajabu sana. Alinieleza kwamba rafiki yake ni mtu wa ajabu, anafanya hisabati na mkoba begani, na kwamba labda mke wake alimfukuza. Nilimjibu kwamba kwa maoni yangu hajaoa. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema mwandiko wa anwani unaonyesha.

Sasa nafika kwenye swali langu mimi.

Zerihun alikuwa akichunguza namna mawimbi yanavyotulia ndani ya chombo. Sauti ndani ya ngoma, joto ndani ya tanuri, vitu vya namna hiyo. Kila mara alianza na chombo kilichozibwa kabisa. Siku moja nilikuwa nyumbani, jebena yangu, birika la udongo la kahawa, inavuja kwenye shingo, inatia madoa kwenye barua yake. Nikamwandikia, yaani Aarnes akamwandikia: kwa nini unaanza na chombo kizima? Mimi sijawahi kumiliki kimoja. Vyangu vyote vinavuja kidogo. Je, ukianza na tundu?

Naapa niliandika hivyo kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa maneno ya kitaalamu.

Aliipokea siku ya Jumanne. Ijumaa alikuja ofisini kwangu, hajanyoa, koti limejaa vumbi jeupe. "Admasu," akaniambia, "miaka kumi na moja nimekuwa nikiziba tundu lililopaswa kuachwa wazi."

Makala ilimchukua mwaka mmoja na nusu. Kurasa thelathini na nane, zote zake. Mistari yote yake, uthibitisho wote wake. Langu lilikuwa swali moja tu. Alipomaliza, alimwandikia Aarnes kwamba swali ni lake, na mtu mwaminifu hawezi kulificha, kwa hiyo jina lake lazima liwemo.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo ningeweza kukataa. Ilikuwa rahisi. Mistari miwili tu: asante, hapana, swali ni zawadi. Niliiandika mistari hiyo. Nikaiacha mezani siku tatu. Kisha nikaichana, nikaandika mwingine mmoja: nakubali kwa heshima.

Nilitaka kuliona jina lile limechapwa. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine.

Na kuna desturi moja ya watu wa fizikia ya hisabati. Kwao hakuna wa kwanza kwa cheo wala kwa jasho. Majina hupangwa kwa alfabeti. Aarnes, kwa A mbili. Na huyu wetu ni Zerihun Woldeyes, umgeuze upande wowote unaotaka, yuko mkiani. Jarida lilipofika ndani ya gunia la barua mwaka wa 1974, nililifungua kabla ya mtu yeyote, nikiwa nimejifungia stoo. Aarnes juu. Woldeyes chini. Niliunusa wino wake. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Makala ile ilipaa. Waliitaja Warusi, waliitaja Wajapani, wakaitaja watu wa mitetemeko ya ardhi na watu wa masikio ya popo. Hadi leo imetajwa mara mia sita na kumi na moja. Nasema tena, mia sita na kumi na moja. Zile makala thelathini nyingine, zote kwa jumla, zimetajwa mara tisa, na katika hizo tisa, nne ni yeye mwenyewe akijitaja.

Lakini sikilizeni. Wakati ule kulikuwa na kitabu kikubwa kilichohesabu nani ametajwa mara ngapi. Kitabu hicho kilimhesabia mtu wa kwanza peke yake. Wa pili hakuonekana. Ukifungua Aarnes, ukurasa mzima. Ukifungua Woldeyes, tisa. Na vitabuni wakaanza kuiita kanuni ya Aarnes.

Mwaka wa 1977 Zerihun alialikwa kongamano la Ulaya. Alikuja kwangu akiwa na furaha ya mtu anayeenda harusini. Kongamano si kitu, akasema, anachotaka ni kwenda kwa Aarnes, wakae jikoni, wanywe kahawa. Aliniuliza nadhani Aarnes atapenda zawadi gani. Mke wake Aselefech, ambaye kwa heshima tunamwita Etiye, alikuwa ameshafunga berbere, pilipili yetu ya kusaga, kwenye mifuko miwili.

Nikafanya nini? Nikamuua. Nilipata stempu safi ya Norway, nikaandika barua ya dada yake. Moyo, ghafla, bila maumivu.

Nilidhani atahuzunika siku mbili. Hakwenda Ulaya kabisa. Alivaa nguo nyeusi. Alimwomba kasisi amwombee rafiki yake, kasisi akasema hawezi kumwombea mtu bila jina la ubatizo, Zerihun akampa moja hapo hapo, Wolde Mikael. Siku ya arobaini ilipofika, alimfanyia karamu. Ndiyo, arobaini kamili, ya kulisha maskini na majirani na idara nzima. Injera, mikate yetu myembamba na mipana, zilipangwa kutoka mlangoni hadi uani. Dokta Getahun wa kupe alikuja, akala, akalia kidogo.

Na mimi nilikuwapo. Nilikaa karibu na Zerihun. Alinitilia tonge mdomoni kwa mkono wake, kama tunavyofanya kwa mtu tunayempenda. Nikalimeza.

Mwaka uliofuata, kamati ilikaa kuamua kama Zerihun apandishwe awe profesa kamili. Mimi ndiye niliyepeleka chai, kwa hiyo nilisikia. Mwenyekiti alifungua kile kitabu kikubwa, akapitisha kidole, akasema tisa. Zerihun akaeleza kuhusu makala ile. Akaeleza vizuri, taratibu, bila kujisifu. Mwenyekiti hakuwa mkali. Alisema wanamwamini, lakini utaratibu unataka barua kutoka kwa mwandishi mwenza, aseme nani alifanya nini. Barua moja tu.

Zerihun akasema, "Mwenzangu amefariki."

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka mezani. Sinia ilikuwa mikononi mwangu. Kama ningemwacha Aarnes aishi miezi michache zaidi, angeandika barua ile jioni hiyo hiyo, na ingekuwa barua bora kuliko zote. Na kama ningefungua mdomo, isingehitajika barua. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na ushahidi, nilikuwa na stempu mfukoni. Nikauliza nani anataka sukari.

Walimnyima. Walimnyima tena miaka mitatu baadaye, kwa sababu ile ile. Alistaafu akiwa profesa mshiriki. Sisi mjini tulimwita Profesa kwa mapenzi yetu tu. Karatasi haikuwahi kusema hivyo.

Siku ile ya kwanza alinikuta ukumbini na sinia yangu. Nadhani uso wangu ulikuwa vibaya, kwa sababu yeye ndiye aliyenifariji mimi. "Usihuzunike, Admasu," akasema. "Angekuwa hai, Aarnes angewaambia ukweli. Hakuwa mtu wa kunyamaza."

Baada ya hapo tulikunywa kahawa pamoja kila Ijumaa kwa miaka thelathini na minane. Hesabuni ni Ijumaa ngapi. Kila moja nilikuwa na nafasi. Mara nyingine alinisimulia kuhusu Aarnes, na mimi nikauliza maswali, kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Wiki moja baada ya mazishi, binti yake Meklit alinijia. Meklit ni mfamasia, anaongea kidogo na anaangalia sana. Amekuta barua zote za Aarnes ndani ya bati la biskuti. Alitaka kuwatafuta watoto wa Aarnes, wajue kwamba rafiki wa baba yao ameondoka, na kama wanaweza, waje kwenye arobaini. Alishaandikia miji mitatu ya Norway. "Gashe Admasu," akaniambia, kwa neno letu la heshima kwa mwanamume mkubwa, "wewe ndiye uliyekuwa ukishika barua zao. Anwani ya nyumbani ilikuwa wapi?"

Nikamwambia nitakuja kesho. Nikaenda na gunia dogo la unga. Ndani yake mlikuwa na zile barua arobaini na tatu ambazo hazikuwahi kwenda popote.

Etiye Aselefech alikuwa anakaanga kahawa. Nilingoja hadi kikombe cha pili, nikasema yote. Alinitazama kwa huruma kwanza. "Gashe Admasu, leo si siku ya hadithi zako," akasema. Nikamimina gunia kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni kwa ajili ya kahawa. Aliokota bahasha moja, akaona mwandiko wa mumewe. Akaokota nyingine. Meklit alinyanyuka akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Mama yule alizipanga bahasha zote mapajani, moja juu ya nyingine. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Nilikata vitunguu siku tatu kwa ajili ya mtu asiye na tumbo. Kila mwaka, miaka thelathini na tisa, namtaja Wolde Mikael kanisani kabla ya kuwataja wazazi wangu. Nilikuwa namwombea nani, Gashe? Nilikuwa nakuombea wewe?"

Safari hii jibu sikulitafuta maktaba.

Meklit aliporudi alikuwa na macho makavu. Aliniuliza jambo moja, kama lile swali la tundu lilikuwa langu kweli au nililisoma mahali. Nikamwambia lilikuwa langu. Akaandika kwa wahariri wa jarida lile, ambalo bado lipo, akaeleza kila kitu. Walijibu baada ya siku nane. Jina la mwandishi haliondolewi wala kubadilishwa bila saini ya mwandishi mwenyewe. Wakatuma fomu. Ina visanduku viwili. Ondoa jina. Au: weka badala yake jina halisi la mtu aliyefanya kazi.

Meklit aliiweka mbele yangu na kalamu. Akasema baba yake angetaka niweke jina langu, kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa namna hiyo. Kisha akasema, "Lakini mimi si baba."

Nisiwadanganye. Nilikitazama kile kisanduku cha pili. Mimi, wa darasa la nane, mwandishi wa kanuni iliyotajwa mara mia sita na kumi na moja. Na swali lilikuwa langu, wasikilizaji wapendwa, sikuliiba kwa mtu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi naitwa Admasu Beyene. Wapange kwa jina langu, wapange kwa jina la baba yangu. A au B, ningekaa juu yake tena, na dunia ingetaja kanuni ya mtu wa barua, na Zerihun angebaki chini ya jina la pili kwa mara ya pili, safari hii kwa ruhusa ya maandishi.

Nikatia alama kisanduku cha kwanza. Ondoa. Chini palikuwa na mistari mitatu ya kueleza sababu. Niliandika: "Kazi yote ni ya Zerihun Woldeyes. Mimi nilikubali mahali nilipopaswa kukataa. Admasu Beyene, aliyekuwa karani wa barua." Niliipeleka posta mwenyewe Jumanne, nikasubiri hadi nikaona imepigwa muhuri, maana nazijua posta.

Kwa hiyo kuanzia mwakani, watu wa Japani na watu wa popo watakuta jina moja tu juu ya makala ile. Cheo hakitarudi. Kamati ile wamekufa wote, mwenyekiti, katibu na Dokta Getahun na kupe wake. Na Zerihun hakuyasikia haya.

Etiye Aselefech hajanisamehe. Nilimuuliza kama nije Jumapili ijayo, kwenye arobaini. Alisema nije, kuna kuni za kupasua. Alisema pia kwamba kabla ya kukanyaga kwake niyaseme haya hadharani, huku huku kwenye redio ninakodanganyia watu. Nimeyasema, mama. Natumaini redio yako imewashwa.

Kwa Etiye Aselefech, kwa Meklit, kwa wajukuu wote wawili na kwa ukoo mzima wa Woldeyes, redio hii inatoa pole kwa msiba huu. Mungu aipumzishe roho ya Profesa Zerihun. Ninalitamka neno Profesa kwa ukamilifu wake, na atakayebisha aje hapa studio.

Nanyi mnaonisikiliza, ninawaomba mfikiri juu ya mtu mmoja tu. Yupo mtu ambaye umekaa mbele ya jina lake. Labda kazini, labda nyumbani, labda kwenye jambo dogo ambalo kila mtu anakusifia wewe. Unamjua ni nani. Pengine leo hii anakunywa kahawa mahali fulani, na anadhani wewe ni rafiki yake. Zima redio, vaa viatu, nenda ukamwambie wakati bado anaweza kukukasirikia.